Tuitafute saratani mwilini mwa mtoto bila kumwongezea mionzi

Hotuba kwa wazazi, walezi na wahudumu wa watoto wenye saratani, Dar es Salaam, Siku ya Kimataifa ya Saratani ya Watoto, 15 Februari

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu wote.

Mama zangu na baba zangu mnaouguza watoto, najua baadhi yenu mmetoka wodini alfajiri ya leo na mtarudi huko tukimaliza. Wauguzi, madaktari, wataalamu wa mionzi na vijana mnaosomea kazi hii, asanteni kwa kuja. Nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja: namna ya kujua saratani ya mtoto imefika wapi mwilini, na kwa nini naamini wakati umefika tuanze kutumia MRI ya mwili mzima, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, kwa baadhi ya watoto wetu.

Mzazi akishaambiwa mwanawe ana saratani, swali linalofuata karibu siku zote ni hili: "Dokta, imesambaa?" Jibu lake ndilo linalopanga matibabu yote. Chukueni sakoma ya Ewing, saratani ya mifupa inayowapata zaidi vijana wanaobalehe. Ikikutwa ingali mahali pamoja, wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 wanaotibiwa kwenye vituo vyenye uwezo wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Ikikutwa imeshahamia kwenye mapafu au mifupa mingine, wanashuka hadi 3 hivi kati ya 10, na pengine pungufu ya hapo. Au mchukueni mtoto mwenye limfoma ya Hodgkin, ambayo ni saratani ya mitoki (tezi za limfu). Tukidhani ugonjwa wake umesambaa kuliko ulivyo, tutampa dawa na mionzi kupita kiasi, na madhara yake atayabeba moyoni, kwenye tezi ya shingo na kwenye uzazi wake maisha yake yote. Tukidhani umesambaa kidogo kuliko ulivyo, tutampa tiba hafifu na ugonjwa utarudi.

Kwa hiyo tunatafuta. Hapa kwetu tunatafuta kwa eksirei ya kifua, kwa altrasaundi ya tumbo, kwa CT, yaani eksirei inayopiga picha za mwili vipande vipande, na kwa kuchoma sindano kwenye nyonga kuchukua uboho. Penye uwezo wanatumia PET pamoja na CT. Mtoto anadungwa sukari iliyofungamanishwa na florini yenye mionzi. Seli za saratani zina njaa ya sukari kuliko seli nyingi za mwili, basi zinaikusanya, na mashine inaona zilipo. Ni kipimo kizuri sana, sitaki mtu atoke hapa akisema nimekibeza. Ila sukari ile inapoteza nusu ya nguvu ya mionzi yake kila baada ya dakika 110. Lazima itengenezwe karibu, kwenye mtambo uitwao saiklotroni, na itumike siku hiyohiyo. Nairobi, Hospitali ya Aga Khan ilianza huduma hiyo mwaka 2018. Lakini huwezi kuipakia sukari hiyo kwenye basi la Sumbawanga na ikafika ikiwa na faida yoyote.

Halafu kuna mionzi yenyewe. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, maana jambo hili likisemwa nusu linaleta hofu isiyo na sababu. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu karibu 180,000 waliopimwa CT wakiwa watoto au vijana. Waliopata mionzi mingi ya CT, kiasi cha vipimo kadhaa vya kichwa, walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kupata saratani ya damu au uvimbe wa ubongo. Inatisha, sivyo? Sasa sikieni sehemu ya pili ya utafiti uleule: kwa sababu magonjwa hayo ni adimu kwa watoto, hesabu yao ni kwamba kati ya watoto 10,000 walio chini ya miaka 10 waliopimwa CT ya kichwa, anaongezeka mmoja mwenye saratani ya damu na mmoja mwenye uvimbe wa ubongo katika miaka kumi inayofuata. Mwaka 2023 utafiti mkubwa zaidi wa nchi za Ulaya, wenye watu karibu milioni moja, ulithibitisha kwamba uhusiano huo upo kweli kwa saratani za damu.

Mama ambaye mwanawe kagongwa na bodaboda, daktari akaomba CT ya kichwa, asikatae hata kidogo. Faida ya kipimo hicho siku ile ni kubwa mno kulinganisha na hatari yake. Ninayemwombea leo ni mtoto wa aina nyingine: yule mwenye saratani, anayepimwa mwanzo, akapimwa katikati ya tiba kuona kama dawa zinafanya kazi, akapimwa mwishoni, kisha akafuatiliwa miaka na miaka. Kila mara mionzi inajumlishwa. Naye ndiye tunayetaka afike uzeeni. Mtu mzima wa miaka 70 anayepimwa hivi hana miaka mingi mbele ya mionzi hiyo kumdhuru. Mtoto wa miaka 6 anayo miaka 60, na seli zake bado zinagawanyika kwa kasi.

MRI haitumii mionzi ya aina hiyo kabisa. Ni sumaku. Nyingi zilizomo hospitalini zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni kama mara 30,000 ya usumaku wa dunia tunayoikanyaga. Mwili wa mtoto umejaa maji, na ndani ya maji kuna haidrojeni. Sumaku inazipanga protoni za haidrojeni, mawimbi ya redio yanazisukuma kidogo, zikirudi mahali pake zinatoa ishara, na kompyuta inageuza ishara hizo kuwa picha. Waliofungua njia hiyo ni Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Kwa miaka mingi MRI ilikuwa ya kiungo kimoja: ubongo, goti, uti wa mgongo. Kupiga mwili mzima kulichukua muda mrefu mno. Mashine zilipopata kasi, na kitanda kikaweza kusogea chenyewe kwa hatua, kichwa, kifua, tumbo, mapaja, miguu, kisha kompyuta ikaziunga picha zote kuwa moja, jambo likawezekana kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima. Kisha mwaka 2004 Mjapani Taro Takahara na wenzake wakaonyesha namna ya kupiga mwili mzima kwa kufuata mwendo wa maji kati ya seli, huku mafuta na vitu vingine vya kawaida vikizimwa visionekane. Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Kwenye mwili wenye afya, maji yanatembea kwa nafasi kati ya seli. Kwenye uvimbe wa saratani seli zimesongamana, na tone la maji linakwama kama mtu aliyeingia Kariakoo mkesha wa Idi. Mahali maji yanapokwama, picha inang'aa.

Mwaka 2014 Daktari Heike Daldrup-Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walichapisha kazi ambayo kila mtu wa fani yangu ya radiolojia aliisoma kwa hamu. Walichukua wagonjwa 22 wa limfoma na sakoma, wenye umri wa miaka 8 hadi 33. Kila mmoja akapimwa kwa njia zote mbili, PET pamoja na CT, na MRI ya mwili mzima. Uvimbe wote kwa wagonjwa wale ulihesabiwa kuwa 174. PET na CT zikaona 163. MRI ikaona 158. Tofauti ni ndogo. Kwa upande wa mionzi, PET na CT zilimpa mgonjwa wastani wa milisieverti 12.5, sawa na miaka mitano hivi ya mionzi ya asili ambayo binadamu wa kawaida anaipata kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. MRI ilimpa sifuri.

Walitumia pia ujanja mmoja ninaoupenda sana. Badala ya dawa ya kawaida ya kung'arisha picha, waliwadunga ferumoksitoli, ambayo ni chembe ndogo sana za madini ya chuma. Dawa hiyo ilikuwa imeruhusiwa Marekani tangu 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Chembe zile zinakaa kwenye mishipa kwa muda mrefu, kisha zinamezwa na bandama, ini na uboho wenye afya, na viungo hivyo vinakuwa vyeusi kwenye picha. Uvimbe unabaki uking'aa peke yake. Hata hivyo si dawa ya kuchezea: mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kabisa kwa sababu watu wachache wanapatwa na mzio hatari wakidungwa, na baadhi walifariki. Inadungwa polepole, mgonjwa akiangaliwa, na vifaa vya dharura vikiwa mkononi.

Sasa, nisingekuwa mkweli kwenu kama ningeishia hapo. Mwaka mmoja kabla ya kazi ya Stanford, mwaka 2013, utafiti mwingine wa Marekani uliohusisha hospitali nyingi ulilinganisha MRI ya mwili mzima na vipimo vya kawaida kwa watoto, na haukuweza kuthibitisha kwamba MRI haipitwi na vipimo hivyo katika kugundua saratani iliyosambaa mbali. Mapafu ndiyo kikwazo kikubwa. Mapafu yamejaa hewa, yanatikisika kwa pumzi na mapigo ya moyo, na kijivimbe cha milimita 3 kinaweza kupotea humo. Mtoto mwenye sakoma bado anahitaji CT ya kifua, na mtu asiwadanganye kwamba MRI imeiondoa. Pia PET inaonyesha kama seli zilizobaki baada ya dawa zingali zinakula sukari, yaani ziko hai. Kwa limfoma ya Hodgkin habari hiyo ni ya thamani kubwa, na MRI peke yake haiitoi vizuri vilevile.

Kwetu sisi kuna mitego mingine ambayo vitabu vya California haviigusi sana, na naomba wenzangu mnaosoma picha muisikilize. Uboho wa mtoto ni mwekundu, unafanya kazi usiku na mchana, nao unang'aa kwenye picha ya mwendo wa maji hata akiwa mzima. Sasa mpeni mtoto huyo selimundu. Uboho wake unahangaika maradufu kutengeneza damu, na picha ya mifupa yake itamtisha yeyote asiyejua historia yake. Mpeni damu mara nyingi ya kuongezewa, chuma kimejaa kwenye ini, basi ini limeshakuwa jeusi kabla hata hujadunga chochote. Halafu kuna kifua kikuu. Mitoki ya kifua kikuu shingoni na kifuani inaiga limfoma kwa MRI, inaiga kwa PET pia. Anayesoma picha hizi Dar es Salaam lazima awe na faili la mtoto mezani: ana selimundu? ameongezewa damu mara ngapi? nyumbani kuna mtu anayekohoa? ana VVU? Na picha ikituacha njia panda, kinyama kitolewe kikapimwe maabara. Picha inatuonyesha pa kuchoma sindano. Jina la ugonjwa linatoka kwenye darubini.

Kuna kundi moja la familia ambalo MRI ya mwili mzima imeshaleta matunda makubwa kwao, nalo ni familia zenye kasoro ya kurithi kwenye jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuukinga mwili na saratani. Ndani ya familia hizo utasikia shangazi alikufa na saratani ya titi kijana, binamu ana sakoma, mtoto ana uvimbe wa ubongo. Huko Toronto, Kanada, Daktari David Malkin na wenzake waliwapima watu hao kila mwaka kwa MRI ya mwili mzima pamoja na vipimo vingine vya damu, altrasaundi na MRI ya ubongo. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitano waliofuatiliwa walikuwa hai kwa asilimia 88.8, na ambao hawakufuatiliwa kwa asilimia 59.6. Watoto wa familia hizi mionzi inawadhuru kuliko wengine, ndiyo maana kuwapima kila mwaka kwa CT kusingefaa. Ukimwona mtoto mwenye saratani, mwulize bibi yake habari za ukoo. Ni kipimo kisicho na gharama, na hatukifanyi vya kutosha.

Niseme sasa kuhusu mtoto mwenyewe anapofika kwenye mashine, maana hapa ndipo kazi inapoharibikia. Mashine ni handaki. Inagonga, inanguruma, inanyamaza, inagonga tena kwa mlio mwingine. Mtoto anafunikwa vikamata-ishara kuanzia kichwani hadi miguuni, masikio yanazibwa, na anatakiwa asitikisike. Mtoto wa miaka 9 aliyeandaliwa vizuri anaweza. Kichanga anaweza pia: ukimnyonyesha akashiba, ukamfunga vizuri kwenye kanga, atalala usingizi wake mwenyewe. Shida ipo kwa mtoto wa miaka 2, 3, 4. Huyo mara nyingi anahitaji nusu kaputi, na nusu kaputi ina mambo yake. Mwaka 2016 Marekani walitoa tahadhari juu ya kuwapa nusu kaputi kwa muda mrefu au mara nyingi watoto walio chini ya miaka 3. Kwa hiyo tukimwepusha na mionzi kisha tukampa nusu kaputi mara nane bila sababu, hatujamsaidia ipasavyo. Kaa naye siku moja kabla. Mchezeshe sauti za mashine kwenye simu. Mwingize mdoli kwanza, aone unatoka salama. Mama akae pembeni amshike mguu. Muda huo unaonekana kupotea, lakini nimeona watoto waliodhaniwa lazima wapewe nusu kaputi wakimaliza kipimo macho yakiwa wazi.

Na chuma! Chuma chochote kibaki nje. Mwaka 2001 jimboni New York mtungi wa oksijeni ulivutwa na sumaku ukaruka, ukampiga mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mashine, akafariki. Sumaku haizimwi usiku wala sikukuu. Wauguzi, mkague mifuko yenu na machela. Kwa watoto wetu mtazame heleni, pini za nywele, bangili za shaba, na hirizi. Hirizi nyingine zina kipande cha madini ndani yake, na mama ataona haya kusema akiulizwa mbele za watu. Mvuteni pembeni, muulizeni kwa heshima, na aishike mwenyewe mkononi nje ya chumba mpaka mtoto atoke.

Nifike kwenye ombi langu. Kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani wanapata saratani. Nchi tajiri zinaponya zaidi ya asilimia 80 yao, na katika nchi nyingi zenye kipato kidogo hawafiki asilimia 30. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo la angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Mtu anaweza kusema: watoto wetu wanachelewa kufika, wanakatisha matibabu kwa kukosa nauli, wewe unatuletea habari za MRI ya mwili mzima? Hoja hiyo naikubali nusu. Limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza kutoka Mulago, Kampala, mwaka 1958, inaweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto mwenye Burkitt asiwekwe kwenye foleni ya MRI hata siku moja! Altrasaundi, eksirei, maji ya uti wa mgongo, uboho, dawa zianze. Uvimbe wa figo wa Wilms nao altrasaundi na picha ya kifua zinatosha kuanza nao kwa wengi.

Ila kwa mtoto wa sakoma ya Ewing, kwa mwenye uvimbe wa seli za Langerhans (aina ya seli za kinga) unaorukaruka kwenye mifupa, kwa kijana wa Hodgkin asiye na njia ya kufika kwenye PET, na kwa yule aliyepona anayefuatiliwa, MRI ya mwili mzima inawezekana kwa mashine za tesla 1.5 ambazo hospitali zetu kubwa tayari wanazo. Hatuhitaji saiklotroni. Hatuhitaji hata ferumoksitoli. Picha za kuzima mafuta na za mwendo wa maji zinapigwa bila kudunga chochote. Tunachokosa ni muda wa mashine, daktari wa usingizi aliyezoea watoto, na jicho lililofunzwa kusoma picha hizo.

Kwa hiyo wakuu wa hospitali mliopo hapa, naomba asubuhi moja kwa wiki, mashine ya MRI iwe ya watoto tu, daktari wa usingizi akiwa amepangiwa siku hiyo. Wenzangu wa radiolojia, tukubaliane utaratibu mmoja wa kupiga na kuandika ripoti, ili mtoto aliyepimwa Mwanza akija Dar es Salaam picha zake zisomeke bila kurudiwa. Na bima na misamaha izungumzwe mapema, kabla mzazi hajafika dirishani na kuambiwa kipimo hiki hakipo kwenye orodha.

Ninyi wazazi, kila mnapomaliza kipimo ombeni nakala ya picha zenyewe, kwenye CD au flashi, pamoja na ile ripoti ya karatasi. Picha ya leo inasomwa vizuri ikilinganishwa na ya miezi sita iliyopita, na mafaili yanapotea, hospitali zinabadilisha kompyuta, watoto wanahamishwa. Andikeni tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika, muitunze pamoja na kadi ya kliniki. Daktari akiomba kipimo, mwulizeni bila woga: kitabadilisha nini kwenye matibabu ya mwanangu? Kipo kingine kisicho na mionzi kitakachotoa jibu lilelile? Daktari mzuri hatachukia.

Sasa nipokee maswali. Tuanze na kina mama walioketi nyuma, halafu wanafunzi.